Nyanya zinanyauka na maji yapo: mwongozo kamili wa kukabili fangasi wa udongoni bila dawa za viwandani

Mkulima akiona nyanya imelegea mchana, haraka yake ya kwanza ni kufungulia maji. Asubuhi anakuta imesimama, anashukuru Mungu. Mchana imelala tena kuliko jana, na majani ya chini yamegeuka manjano upande mmoja wa shina. Siku ya nne anakwenda duka la pembejeo, anapewa dawa ya ukungu, anapiga bomba zima. Wiki inayofuata anarudi kununua nyingine. Mimi nilifanya hivyo msimu mzima hapa Ilula, mkoani Iringa, robo eka ikiwa na vishada vya kwanza, na sikuokoa shina hata moja.

Fangasi wa udongoni akishaingia kwenye mishipa ya mmea, hakuna cha kumtoa. Dawa ya kupiga kwenye majani haimfikii, na maji unayoongeza yanampa nafasi zaidi. Karibu kazi yote ya kumshinda hufanyika kabla mche haujagusa shamba. Nitatumia nyanya kama mfano kwa sababu ndiyo inayotutesa wengi, ila nitagusa pia pilipili, vitunguu na kabichi panapohusika.

Kwanza kata shina

Usianze hatua yoyote kabla ya kujua adui ni nani. Minyauko inafanana kwa mbali, na tiba ya mmoja haimgusi mwingine. Unahitaji kisu kikali na glasi ya maji safi.

Chagua mmea ulionyauka leo au jana, usichukue uliokwisha kukauka. Ung'oe na mizizi yake. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 kutoka karibu na udongo, kisha kining'inize ndani ya glasi, ncha ya chini iguse maji tu. Usiitikise. Subiri dakika tano ukitazama penye mwanga. Ukiona uzi mweupe kama moshi au kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Si fangasi, na mengi ya mwongozo huu yatakusaidia nusu tu. Dalili nyingine yake ni kwamba mmea hunyauka ghafla ukiwa bado wa kijani.

Maji yakibaki safi, chukua sehemu ya shina iliyobaki uipasue kwa urefu. Chini kidogo ya ganda utaona mistari ya rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, ilhali kiini cha katikati ni cheupe. Huo ni mnyauko fuzari, unaoletwa na fangasi wa jina hilo. Mara nyingi utakuwa umeshaona majani ya upande mmoja yakigeuka manjano kabla ya mengine, wakati mwingine hata nusu ya jani moja. Kwenye nyanda za baridi, ikiwa manjano inaingia kwenye jani kwa umbo la herufi V na mmea unadhoofika polepole bila kufa haraka, shuku vetisilia, ndugu yake anayependa ubaridi.

Sasa tazama kitako cha shina, pale linapogusana na udongo. Nyuzi nyeupe kama pamba zilizotambaa shinani na juu ya udongo, pamoja na vipunje vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu za haradali, ni uozo wa kitako. Vile vipunje ndivyo mbegu zake, na kila kimoja kinaweza kuanzisha ugonjwa msimu ujao. Pilipili hoho iliyokuwa nyeusi kitakoni, hasa kwenye mistari inayotuama maji, ina ugonjwa wa jamii nyingine inayoogelea ndani ya maji. Dawa yake kubwa ni tuta la juu. Kitunguu kinachoozea kwenye kitako huku majani yakikauka kuanzia nchani kina fuzari wake mwenyewe, tofauti na wa nyanya. Miche ya kitaluni inayokatika usawa wa udongo na kulala chini kama imekanyagwa ina kinyausi.

Mwisho, suuza mizizi. Ukiona vifundo kama shanga, una minyoo fundo pia. Usiwapuuze. Wanatoboa mizizi na kumfungulia fuzari mlango, hata kwenye nyanya ambayo kwa kawaida ingemhimili.

Hatua ya 1: zuia udongo mgonjwa usitembee

Fuzari hana miguu. Anakuja shambani kwako na miche uliyonunua, udongo ulioganda kwenye buti za vibarua, trekta la kukodi, au mfereji unaopita kwa jirani kabla ya kufika kwako. Wangu alikuja na miche. Niliinunua kwenye kitalu cha barabarani, mizizi ikiwa bado na bonge la udongo wa pale, nikafurahi kwamba haitashtuka ikihamishwa.

Osha jembe, reki na buti kila unapotoka sehemu yenye ugonjwa. Kwanza ondoa tope lote kwa brashi na maji, kisha mwagia vifaa vya chuma maji yanayochemka au vipitishe kwenye moto. Kazi ya palizi na kuvuna ianzie sehemu nzima, imalizie sehemu mgonjwa, isiwe kinyume. Masalia ya mimea iliyokufa usiyalishe mbuzi wala ng'ombe ukitegemea samadi yao, kwa kuwa vile vipunje vya uozo wa kitako hupita tumboni mwa mnyama na kutoka vikiwa hai.

Hatua ya 2: miche safi

Mbegu ulizokamua mwenyewe zitibu kwa maji ya moto. Nyanya na kabichi hustahimili nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25. Ziweke kwenye kitambaa chepesi, zitangulie dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37, kisha zitumbukize kwenye maji ya nyuzi 50. Chupa ya chai pana inatunza joto vizuri, lakini lazima uwe na kipimajoto. Ukizidisha nyuzi tatu au nne unaua kiini, ukipunguza hujafanya kitu. Zikitoka zitie kwenye maji baridi, zianike kivulini, zipande mapema. Jaribu kwanza mbegu 50 uone zinaota ngapi. Mbegu za zamani, zilizopakwa dawa au rangi, na za jamii ya matango na maboga zisiingie humu.

Udongo wa kitalu nao upikwe. Chukua pipa, weka mawe na maji kina cha sentimita 15 chini, juu yake weka wavu wa chuma na gunia, kisha jaza udongo uliochanganywa na mboji, wenye unyevu kidogo. Funika, washa moto. Katikati ya udongo fukia kiazi mviringo kimoja cha ukubwa wa yai. Kikiiva, udongo umeiva. Ukiwa na kipimajoto, nusu saa kwenye nyuzi 70 hadi 80 inatosha. Usiuchemshe nusu siku, unaua hata viumbe vizuri na udongo unabaki mtupu kwa fangasi wa kwanza atakayefika. Umwage juu ya turubai safi, upoe. Kuchoma majani makavu juu ya kitalu kama tulivyozoea husaidia sentimita chache za juu tu.

Sia kwa mistari, mbegu zisisongamane. Mwagilia asubuhi ili uso wa udongo ukauke kabla ya usiku. Kinyausi kikianza kwenye kona moja, toa miche ya pale pamoja na udongo wake na nusu ya mkono kuizunguka, punguza kivuli, acha maji siku mbili.

Hatua ya 3: pika udongo wa shamba kwa jua

Hii ndiyo hatua niliyoichelewesha kwa miaka kwa sababu ilionekana rahisi mno kuwa ya kweli. Mwaka 1976 Jaacov Katan na wenzake huko Israel walichapisha matokeo ya kufunika udongo wenye unyevu kwa nailoni angavu katika miezi ya joto kali. Vetisilia alikufa hadi kina cha sentimita 25. Fuzari wa nyanya alikaribia kuisha kwenye sentimita 5 za juu, lakini kwenye sentimita 25 wengi walibaki. Shika tofauti hiyo, nitairudia.

Chagua wakati. Huku kwetu ni kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mvua za Novemba. Pwani na sehemu nyingi za Kenya, Januari na Februari ndiyo yenyewe. Lushoto au Limuru, penye mawingu na ubaridi, usitegemee sana njia hii kwa shamba la wazi. Itakufaa zaidi ndani ya kitalu nyumba kilichofungwa.

Tengeneza matuta kwanza, kama vile unapanda kesho. Weka samadi iliyoiva, vunja mabonge yote, ondoa visiki na mawe, lainisha juu. Nailoni lazima ilale ikigusa udongo, kwa sababu pengo la hewa linapoteza joto. Mwagilia hadi unyevu ufike sentimita 30 chini; chimba kwa mkono uhakikishe. Udongo mkavu haupiki: maji ndiyo yanayobeba joto kwenda chini, na fangasi aliyelala mkavu ni mgumu kufa kuliko aliyelowa.

Tandika nailoni angavu siku hiyohiyo au kesho yake. Isiwe nyeusi. Nyeusi inapata moto yenyewe na kuuacha udongo chini yake na joto dogo. Unene wa mikroni 25 hadi 50 unatosha. Nailoni ya zamani iliyotolewa kwenye kitalu nyumba inafaa pia ukiiosha. Fukia kingo zote kwenye mtaro wa sentimita 15, kanyaga. Funika eneo pana, kwa sababu kingo hazipati joto la kutosha. Ukanda mwembamba wa nusu mita ni kazi bure. Tundu likitokea, ziba kwa selotepu.

Acha wiki 4 hadi 6. Matone ya maji yaliyojipanga chini ya nailoni ni ishara njema. Baada ya wiki moja chungulia magugu: yakiwa yameungua na kulala, joto lipo. Yakiwa yananawiri kama yapo kwenye bustani, kuna tundu, kuna pengo, au msimu haufai.

Ukifunua, usilime. Hapa ndipo wengi wanaharibu kila kitu. Ukigeuza udongo unawapandisha juu wale waliobaki sentimita 25 chini, na mizizi ya miche inawakuta palepale. Toboa mashimo tu, panda.

Kama huna jua la kutosha, au wiki 6 ni nyingi, kuna njia ya kuwanyima hewa. Changanya pumba laini za mpunga, zile wanazokula kuku, kilo 1 hadi 2 kwa kila mita mraba, kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Maganda magumu hayafai. Mwagilia mpaka udongo ushibe kabisa, kisha funika mara moja na kuziba kingo. Vijidudu vinakula pumba, vinamaliza hewa, na kuzalisha tindikali zinazoua fangasi. Baada ya wiki 3 ukifunua utasikia harufu ya tope lililooza. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Acha udongo wazi kama siku 10 harufu iishe ndipo upande. Hesabu pumba zako mapema: tuta la mita 1 kwa 20 linataka kilo 20 angalau, na robo eka nzima inapita tani moja. Ni njia ya kitalu nyumba na matuta machache.

Majani ya kabichi, figiri au haradali yaliyokatwakatwa na kufukiwa papo hapo, kilo 5 hivi kwa mita mraba, hutoa mvuke mkali unaopunguza fangasi, hasa ukifunika kwa nailoni. Usipande kabla ya wiki 3, maana majani mabichi yanayooza huamsha kinyausi. Mimi huyatumia kuongeza nguvu ya jua, siyatumii peke yake.

Hatua ya 4: mzunguko wa mazao wenye hesabu

Tunaambiwa "badilisha zao", tunabadilisha nyanya kwa pilipili. Hapo hatujabadilisha kitu kwa vetisilia, kwa sababu nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo na mnavu ni ukoo mmoja. Na ukitoa nyanya zenye uozo wa kitako ukaweka maharage au karanga, umemwandalia karamu.

Fuzari wa nyanya ana kasoro moja nzuri: anashambulia nyanya tu. Lakini anakaa udongoni miaka mingi akiwa amejifunga kwenye ganda gumu, kwa hiyo msimu mmoja wa mahindi haumsumbui. Lenga miaka mitatu hadi mitano. Mahindi, mtama na ulezi ndiyo mazao ya kupumzishia, na vitunguu vinaweza kufuata kama havina ugonjwa wao. Katika miaka hiyo ng'oa nyanya zinazoota zenyewe na mnavu pembeni. Mche mmoja wa nyanya ndani ya mahindi unamlisha fuzari kimyakimya.

Mwenye eneo dogo aligawe mafungu manne, kila fungu lipate nyanya mara moja kwa miaka minne. Aliye na kitalu nyumba kisichohamishika hana ujanja huu. Ndiyo maana vitalu nyumba vingi huanza vizuri misimu miwili au mitatu kisha vinatelekezwa. Kwake Hatua ya 3 na ya 6 si hiari.

Kwa uozo wa kitako kuna nyongeza: lima kwa kina na kugeuza kabisa, vipunje vifukiwe sentimita 20 hadi 30. Vinahitaji hewa kuota, huko chini vinakufa taratibu. Fanya hivyo kabla ya kupika udongo kwa jua, kamwe si baada yake.

Hatua ya 5: udongo wenye wenyeji wengi

Fangasi mbaya husumbuliwa na wenzake. Udongo wenye mboji nzuri una washindani wengi, na mgeni hapati nafasi. Ila mboji iliyopikwa vibaya inaleta ugonjwa badala ya kuuondoa. Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande, lenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na ndani yake joto lipite nyuzi 55. Chomeka fimbo ndefu katikati. Ukiitoa baada ya dakika chache na huwezi kuishika mkononi kwa raha, linapika. Geuza mara tano ndani ya siku 15 za joto hilo ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Kisha liache lipoe na kuiva mpaka linukie kama udongo wa msituni. Mimea iliyonyauka usiitie humo hata ukiwa na uhakika wa joto lako.

Samadi mbichi acha. Fuzari hupenda nitrojeni ya aina ya amonia na udongo wenye uchachu. Pima udongo, na pH ikiwa chini ya 6 weka chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, ulenge 6.5 hadi 7. Jivu la jikoni hufanya kazi hiyo kwa bustani ndogo. Gao moja kwa kila shimo, likichanganywa vizuri, linatosha.

Trikoderma ni fangasi rafiki anayeuzwa kwa unga au maji. Anakula wenzake wabaya na kuwahi nafasi kwenye mizizi. Mnunue aliyesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, tazama tarehe ya mwisho, na ufuate kipimo cha kwenye pakiti. Mimi humchanganya na mboji iliyoiva, naifunika kivulini ikiwa na unyevu kwa wiki moja, kisha naiweka kwenye shimo siku ya kupanda. Anakuja baada ya kupika udongo, siyo kabla. Na akiwekwa kwenye mmea ambao umeshanyauka, hela imekwenda.

Hatua ya 6: mizizi inayostahimili

Soma pakiti ya mbegu. Herufi V ni vetisilia, F au Fol ni fuzari, N ni minyoo fundo. Fuzari wa nyanya ana makundi matatu, ndiyo maana baadhi ya pakiti huandika namba baada ya F. Cal J na Rio Grande zina V na F. Moneymaker haina kinga hiyo, na bado tunaipanda kwenye udongo tunaojua ni mgonjwa kwa sababu sokoni inajulikana.

Kubebesha ni kazi ya mikono myepesi, na inalipa kwenye kitalu nyumba. Unakata kichwa cha nyanya unayoitaka na kukiunganisha juu ya shina la bilinganya lililochaguliwa kwa kazi hiyo, kwa kutumia kipande kifupi cha mpira laini, kisha unaiweka kwenye kibanda chenye giza na unyevu kwa wiki moja. Fuzari wa nyanya hamjui bilinganya. Kiungo lazima kibaki juu ya udongo daima. Ukipandishia udongo ukakifunika, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe, na hapo umerudi ulikoanzia.

Hatua ya 7: wakati zao liko shambani

Matuta ya sentimita 20 hadi 30, maji ya matone badala ya mfereji, na siku za kumwagilia zifuate udongo, siyo kalenda. Matandazo yakae kiganja kimoja mbali na shina. Palilia juu juu, usikate mizizi. Ondoa majani yanayogusa chini.

Pita kila baada ya siku mbili. Ukiona mmea wa kwanza umelegea, uwekee kijiti siku hiyo na uufungie maji yake. Ukipasua shina la mmea ulio jirani yake kesho na kukuta mistari ya kahawia, usisubiri. Uvike ule uliolegea mfuko mkubwa kabla ya kuung'oa ili udongo usimwagike njiani, ung'oe na bonge la udongo la upana wa jembe, uupeleke ukachomwe au ufukiwe nje ya shamba. Toa na wa kulia na wa kushoto kwenye mstari huohuo, hata kama ina matunda ya kijani. Shimo libaki bila kupandwa msimu huo. Lilowanishe, lifunike kwa kipande cha nailoni angavu kilichofukiwa kingo, na uandike kwenye daftari ni tuta la ngapi, hatua ngapi kutoka kichwani.